Niliacha sigara kwa pufu, sasa nimeikuta pufu kwenye mfuko wa binti yangu

*Barua ya msomaji*

Mama Mshauri,

Jambo sana. Nakuandikia kutoka Lubumbashi, upande wa Kampemba. Nina miaka 43, ni fundi wa kuchomelea vyuma: milango, madirisha, matangi ya maji, wakati mwingine trela za malori yanayopanda Kasumbalesa, mpakani na Zambia. Nina mke, tuna watoto watatu, na mke wangu sasa ana mimba ya miezi mitano. Naomba usitaje jina langu, kwa sababu mtaani kwetu watu wananijua.

Nilianza kuvuta sigara nikiwa kijana, kabla hata sijaijua kazi hii. Nilifika mahali pakiti moja ilikuwa hainifikishi jioni. Kikohozi cha asubuhi kilikuwa kinaamsha nyumba nzima. Mke wangu alilia, mchungaji alituombea, mimi mwenyewe niliapa mara nyingi, lakini wapi. Halafu mdogo wangu anayeishi Johannesburg alipokuja likizo aliniletea sigara ya kielektroniki, ile ya kujazwa maji kutoka kwenye kichupa. Akaniambia: yaya, jaribu hii, huku watu wengi wameachia sigara hapa. Nikajaribu kwa kumridhisha tu. Mama, sijui nikwambie nini. Ndani ya wiki chache sigara ilianza kunitoka yenyewe. Nguo hazinuki tena, pumzi imerudi, nikipanda ngazi nimebeba chuma sihemi kama zamani. Kikohozi kimepungua, ingawa asubuhi bado kipo kidogo.

Vile vichupa vilipokwisha sikuvipata tena, basi siku hizi nanunua zile ndogo za plastiki ambazo vijana wanaita pufu, zile za kuvuta mpaka ziishe na kutupa. Zinaletwa mjini kutoka mpakani. Yangu imeandikwa 5%, maandishi mengine ni ya Kichina. Sigara za kawaida sivuti tena, isipokuwa kwenye matanga, usiku, tukikaa na wanaume wenzangu kwenye viti, hapo navuta moja au mbili. Nilijaribu kuiacha pufu yenyewe nione. Siku ya tatu nilikuwa nagombana na kila mtu kwenye ateliye, na jioni nikajikuta nimesimama mbele ya mama mwenye meza ya sigara, feza mkononi. Nikageuka nikarudi kwenye pufu.

Sasa jambo lenyewe. Mwezi huu nilikuwa natafuta kalamu kwenye mfuko wa masomo wa binti yangu wa kwanza. Ana miaka 15, yuko umanite (sekondari), ni mtoto mwenye akili, na simsifu kwa sababu ni wangu. Nikaikuta pufu, ya rangi ya waridi, inanukia stroberi. Niliketi pale kitandani kwake muda mrefu. Aliporudi nikamwonyesha. Sikumpiga. Nilimuuliza tu: hii ni nini? Akanyamaza, halafu akaniambia kwa sauti ya chini: «Papa, si wewe ulituambia hii haina moshi, ni mvuke tu? Kama ni mbaya, mbona wewe unavuta?»

Nilikosa jibu. Kweli nilikuwa nimewaambia hivyo, ili mama yao asiwe na wasiwasi ninapovuta sebuleni.

Aliniomba nisimwambie mama yake. Na mpaka leo sijamwambia, kwa sababu mke wangu tangu mimba hii haitaki kabisa harufu ya pufu ndani ya nyumba na ameshaniambia niitupe chooni. Akisikia na habari ya mtoto, sijui.

Nimeuliza watu. Muuguzi wa kituo cha afya karibu yetu aliniambia ni sawasawa na sigara, labda ni mbaya zaidi, na kwamba Marekani watu walikufa nayo. Rafiki yangu aliye Ulaya anasema kule Uingereza waganga wa hospitali ndio wanaowapa wavutaji pufu, na kwamba imehakikishwa ina usalama wa 95 kwa mia. Nani anasema kweli? Nikiiacha, naogopa kurudia sigara. Nikiendelea, nitamkatazaje mtoto? Au niendelee kwa siri, nje ya nyumba, nimwambie nimeacha? Nisaidie, Mama. Silali vizuri.

*Papa wa Kampemba*

*Jibu la Mama Mshauri*

Papa wa Kampemba, jambo sana na pole.

Nimeisoma barua yako mara mbili. Naanza na pale kitandani kwa binti yako, ulipoketi na ile pufu mkononi, na alipoingia ukauliza badala ya kupiga. Kwa sababu hiyo alikujibu. Wazazi wengi wanaoniandikia wanatamani mtoto wa miaka 15 awajibu hata neno moja la kweli, na wewe umepewa swali zima, gumu na la haki. Mlango kati yenu uko wazi, kwa hiyo tuongee tukijua hivyo.

Umeniuliza kama kifaa hiki ni salama, na umeuliza kana kwamba jibu ni moja kwa nyumba nzima. Nyumbani kwako kuna watu wanne ambao jibu lao halifanani: wewe uliyevuta pakiti kwa siku, binti ambaye mapafu yake hayajawahi kujua moshi, mke wako, na mtoto aliye tumboni. Ukiniuliza «ni salama?», mimi nitakuuliza: kwa nani, na ukilinganisha na nini? Muuguzi wako na rafiki yako wanagombana kwa sababu kila mmoja anamtazama mtu tofauti.

Tuanze na wewe. Sigara inaua zaidi kwa kuungua. Tumbaku ikiwaka hutoa lami, hutoa gesi ya kaboni monoksidi inayochukua nafasi ya oksijeni kwenye damu, na ndani ya moshi huo wanasayansi wamehesabu kemikali zaidi ya 7,000, ambazo karibu 70 zinajulikana kuleta saratani. Nikotini ndiyo inayokufunga usiache, lakini si hiyo inayoleta sehemu kubwa ya saratani ya mapafu. Katika pufu hakuna kinachoungua. Betri inapasha moto waya mdogo, waya unapasha maji yaliyomo, na maji hayo ni propilini glikoli, gliserini, ladha na nikotini. Kwa hiyo uliposema pumzi imerudi, nakuamini. Mtu aliyeachana na moshi wa sigara kabisa huanza kuona tofauti kama hiyo.

Hata hivyo, ulichowaambia watoto, kwamba ni mvuke tu, hakijakaa sawa. Unachotoa mdomoni si mvuke wa sufuria ya bukari (ugali). Ni matone madogo mno ya yale maji, pamoja na nikotini, na vitu vinavyozaliwa pale waya unapopata moto sana: fomaldehidi, akrolini, na chembe za metali kama nikeli na risasi zinazotoka kwenye waya wenyewe. Kwa kawaida vingi vya vitu hivi ni kidogo kuliko katika moshi wa sigara, lakini havikosekani, na huongezeka kifaa kikichemka kupita kiasi au maji yakikaribia kuisha. Wewe ni fundi wa moto na chuma; sina haja ya kukufundisha kwamba chuma kikipashwa moto hutoa kitu hewani.

Hata ladha ina habari yake. Kuna kionjo cha siagi kinachoitwa diasetili, ambacho ukikila hakikudhuru. Mwaka 2000 huko Missouri, Marekani, waligunduliwa wafanyakazi wa kiwanda cha bisi walioharibika mapafu kabisa kwa kukivuta hewani kazini. Uingereza imekataza kukiweka kwenye maji ya sigara hizi. Stroberi ya binti yako huenda haina diasetili, lakini nani aliyeipima kabla haijafika kwenye mfuko wake?

Sasa ile 95 kwa mia ya rafiki yako. Haikubuniwa na wauzaji. Mwaka 2015 idara ya afya ya umma ya Uingereza iliandika kwamba sigara ya kielektroniki ina madhara pungufu kwa kiasi hicho ikilinganishwa na sigara, na mwaka uliofuata chuo cha kifalme cha matabibu huko London kikasema jambo la karibu na hilo. Ila angalia mambo mawili. Kwanza, namba ile ilitokana na makadirio ya wataalamu walioketi pamoja, haikutoka kwenye kipimo cha watu waliovuta miaka 30, kwa sababu watu hao bado hawapo. Sigara ya kielektroniki ya kisasa ilibuniwa mwaka 2003 na mfamasia wa China, Hon Lik, ambaye baba yake alikufa kwa saratani ya mapafu. Saratani ya sigara huchukua miongo kujitokeza. Kwa hiyo kinachosemwa juu ya muda mrefu ni hesabu ya busara, hakijashuhudiwa bado.

Pili, Waingereza walikuwa wanazungumza juu ya bidhaa zao. Kule, kama ilivyo Umoja wa Ulaya, sheria inazuia nikotini kupita miligramu 20 katika mililita moja. Yako imeandikwa 5%. Hiyo ni miligramu 50, mara mbili na nusu ya kiwango chao, kama maandishi yenyewe yanasema kweli. Rafiki yako hakukudanganya, ila kile anachokisifu na kile ulicho nacho mfukoni si kitu kimoja. Na tangu Januari 2025 Ubelgiji imekataza kabisa kuuza hizi za kutupa, ikawa ya kwanza katika Umoja wa Ulaya. Uingereza ikafuata Juni mwaka huohuo. Sababu kubwa mbili walizotoa ni watoto na takataka.

Na muuguzi? Aliposema watu walikufa Marekani hakutunga. Kuanzia katikati ya 2019 vijana wengi kule walilazwa mapafu yakiwa yameharibika ghafla. Kufikia Februari 2020 walihesabiwa watu 2,807 waliolazwa au kufa, na vifo vilikuwa 68. Uchunguzi ulionyesha kwamba wengi wao walikuwa wamevuta maji ya bangi yaliyouzwa kienyeji, yakiwa yamechanganywa na aina ya mafuta ya vitamini E ili yaonekane mazito. Hiyo si pufu yako ya nikotini. Lakini mimi nikiisoma habari ile nikiwa Katanga, nabaki na woga mmoja: wale walidhurika kwa kitu ambacho hakuna aliyekikagua, kilichouzwa mkono kwa mkono. Bidhaa zako zinafikaje mjini?

Kwa hiyo nisingekubaliana na muuguzi kwamba kwako wewe ni sawasawa na sigara. Mvutaji akiambiwa hivyo anaweza kusema basi, kama ni moja, narudi kwenye pakiti yangu. Hilo lingekuwa hasara kubwa. Shirika la Afya Duniani nalo limeonya wazi kwamba vifaa hivi si salama, na Desemba 2023 lilizitaka serikali zichukue hatua haraka, hasa kwa ajili ya watoto. Kauli hiyo na ile ya Waingereza zinaweza kukaa pamoja ukikumbuka ni nani anayetazamwa.

Niruhusu sasa, kwa heshima, nikuulize juu ya mambo matatu uliyoyaandika kama yaliyokwisha kuthibitika.

Umesema umeacha sigara. Na ile ya matanga? Najua matanga ni nini, usiku ule wanaume wamekaa, baridi ya Juni, pakiti inazunguka. Kukataa ni kama kujitenga na wenye msiba. Lakini kuna utafiti mkubwa uliochapishwa 2018 ulioonyesha kwamba kwa moyo, mtu anayevuta sigara moja tu kila siku anabeba karibu nusu ya hatari ya ziada anayobeba anayevuta 20. Wewe huvuti kila siku, hilo nalisema ili nisikutishe bure. Ila hesabu ya moyo haiendi sawa na hesabu ya sigara, na faida unayoitafuta kwa pufu inakuja kamili kwa yule aliyeziacha zote. Je, kuna ndugu mmoja unayeweza kukaa naye upande mwingine wa uwanja usiku ule?

Umesema pia kikohozi kimepungua kwa sababu ya pufu, na kilichobaki hukukitilia maanani. Hapa naomba unisikilize vizuri, kwa sababu barua yako imelipita jambo hili mbio. Wewe unachomelea vyuma. Tangu 2017 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani limeweka moshi wa kuchomelea kwenye kundi la vitu ambavyo ni hakika vinaleta saratani kwa binadamu. Umeniandikia habari za moshi mmoja tu, na kila siku una mwingine usoni. Halafu nchi yetu, Kongo, iko kwenye orodha ya nchi 30 zenye kifua kikuu kingi zaidi duniani, na uvutaji wa sigara unaongeza hatari ya kukipata. Kikohozi kinachozidi wiki mbili kinataka kupimwa makohozi, hata kama mgonjwa anajua, au anadhani anajua, kinatoka wapi. Nenda kapime, Papa, na umweleze munganga (daktari) kazi yako, sigara yako na pufu yako, vyote vitatu. Hilo lisingoje uamuzi wowote mwingine. Kwenye ateliye fungua upande wa pili upepo upite, na kama feza inaruhusu tafuta barakoa ya kuzuia chembechembe, kwa sababu kitambaa cha puani hakizuii moshi ule.

La tatu ni woga wako kwamba ukiiacha pufu utarudia sigara. Woga huo si wa kijinga. Siku ya tatu ilikuonyesha. Huko Uingereza watu 886 waliotaka kuacha sigara waligawanywa makundi mawili, wengine wakapewa sigara za kielektroniki, wengine dawa za nikotini kama plasta na chingamu, na wote wakapata mtu wa kuwashauri. Matokeo yalitoka 2019. Baada ya mwaka, 18 kwa mia wa kundi la kwanza walikuwa wameachana na sigara, wakati kundi la pili walikuwa karibu 10. Kwa hiyo njia uliyopita inawasaidia watu, si wewe peke yako. Lakini kati ya hao waliofaulu kwa kifaa, 80 kwa mia walikuwa bado wanakivuta mwaka ulipokwisha. Waliofaulu kwa plasta na wenzake na bado wanazitumia walikuwa 9 kwa mia tu. Kifaa kinakutoa kwenye sigara, halafu chenyewe kinabaki.

Uliiacha ghafla, kutoka miligramu 50 mpaka sifuri, na siku za kwanza ndizo kali kuliko zote. Hilo halionyeshi kwamba huwezi. Linaonyesha kwamba njia ile moja ilikuwa na mwinuko mkali.

Ziko nyingine. Unaweza kuendelea na kifaa kwa muda huku ukirudia kile cha kujaza, kwa sababu humo unachagua maji ya nikotini ndogo na kushuka polepole. Hatari yake ni kwamba utategemea vichupa vya Johannesburg, vikichelewa utarudi kwenye 5%. Unaweza kuweka mipaka ya saa na mahali: si kitandani ukiamka, si ndani ya nyumba, si ateliye. Ni rahisi kuanza, ila mtu peke yake hujisamehe haraka, hivyo itahitaji shahidi, na nadhani unamjua. Au uulize kwenye maduka makubwa ya dawa mjini juu ya plasta au chingamu za nikotini. Shirika la Afya Duniani limeziweka kwenye orodha ya dawa muhimu tangu 2009, na mwaka 2021 likaongeza vidonge viwili, bupropioni na vareniklini, ambavyo vinataka munganga kwanza. Bei inaweza kukuumiza. Ilinganishe na unachotumia kwa pufu kila mwezi kabla ya kukata tamaa. Na ukiona kipindi hiki cha mimba na mambo ya binti ni kizito mno kuanza kuacha, kukaa ulipo kwa miezi michache bila kugusa sigara si kushindwa. Hatari yake unaijua: miezi michache hupenda kuwa miaka.

Njia moja uliyoitaja inanitia wasiwasi kuliko nyingine, ile ya kuvuta kwa siri na kumwambia mtoto umeacha. Mtoto aliyekumbuka neno lako la sebuleni atainusa pufu yako kwenye koti. Siku hiyo utapoteza kitu ambacho leo bado unacho.

Tumfikie binti, basi. Aliuliza: kama ni mbaya, mbona wewe unavuta? Jibu lipo na ni la kweli. Wewe unalinganishwa na sigara. Yeye analinganishwa na hewa safi. Wewe ulikuwa unavuta pakiti kwa siku ukahamia kwenye kitu chenye madhara pungufu. Yeye alikuwa havuti kitu, akahamia kwenye nikotini. Kwako ni kushuka, kwake ni kupanda. Na ubongo wa binadamu unaendelea kujengwa mpaka kwenye miaka 25 hivi. Nikotini ikiingia mapema inagusa usikivu, kukumbuka masomo, na kudhibiti hasira, na inashika mtoto haraka kuliko mtu mzima. Anaweza kuyaelewa haya. Umesema ana akili.

Ila usianze na somo. Anza na maswali ambayo hukuyauliza siku ile. Ni nani aliyempa? Anavuta lini, mara ngapi? Akiikosa siku mbili anajisikiaje? Mtoto aliyeonja mara chache na wenzake ana safari moja. Anayeamka usiku kuitafuta ana nyingine, na huyo atahitaji msaada, kwa sababu yaliyokupata wewe siku ya tatu yatampata na yeye, katikati ya mitihani. Inawezekana pia anamtunzia mtu, au kuna mkubwa anayewauzia watoto kwenye lango. Kama ni hivyo, wazazi wengine wanapaswa kujua. Kwenda kwa prefe wa masomo, mkuu wa shule, ni njia pia, lakini fikiri kwanza shule yenu inashughulikaje na mambo hayo, kwa sababu adhabu ya kufukuzwa huenda ikamwumiza kuliko pufu.

Kuna sentensi moja ningependa aisikie kutoka kwako, kwa maneno yako: nilichowaambia sebuleni hakikuwa kamili. Najua ni nzito kwa baba wa Kikatanga kumwambia hivyo mtoto wa miaka 15. Hutapungua. Na ukimwonyesha jinsi mwenyewe unavyohangaika kutoka, bila kujificha, atajua nikotini ni nini kuliko karatasi yoyote ya shule itakavyomwambia.

Mke wako ana haki ndani ya nyumba yake, na hapa sayansi iko upande wake. Nikotini inadhuru ukuaji wa mtoto tumboni, na ingawa anayekaa karibu na pufu anavuta kidogo kuliko anayekaa karibu na sigara, kidogo hicho hakihitajiki na mtu yeyote mwenye mimba. Kuvutia nje hakukugharimu chochote. Ukiwa na mtoto mdogo nyumbani, ficha na vile vichupa vya zamani: nikotini ya maji ni sumu, na chupa ndogo yenye harufu ya tunda mtoto ataiweka mdomoni. Halafu ziko betri. Pufu zilizoisha usizitupe kwenye shimo la takataka mnalochoma moto uani, kwa sababu betri za lithiamu hulipuka zikipata moto. Nasikitika nikifikiri kwamba betri nyingi za namna hiyo zina kobalti, na kwamba zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia inachimbwa kwetu, Kolwezi na hapa Lubumbashi, kwa mapafu ya watu wetu, ndipo inaturudia ndani ya plastiki yenye ladha ya stroberi.

Limebaki ulilolitaja kwa haraka: siri mliyoweka wewe na binti. Unamlinda mama yake au unajilinda na ghadhabu yake? Huenda ni vyote, na sikulaumu. Ukimwambia leo bila mtoto kujua, binti atajifunza kwamba kukujibu kweli kuna bei. Ukikaa kimya, kuna jirani, kuna rafiki wa binti, kuna siku ya kufua na mifuko kupekuliwa; mke wako atagundua watu wawili walimficha, na kwa mwanamke mwenye mimba hilo ni zito kuliko pufu yenyewe. Wengine humwambia mtoto: sitamwambia kabla yako, lakini tutamwambia pamoja, chagua wewe ni kabla au baada ya Jumapili. Inampa mtoto nafasi ya kusimama mwenyewe na wewe ukiwa kando yake. Wewe unawajua wote wawili, mimi sijawaona. Labda kuna shangazi au nyanya ambaye uwepo wake ungelainisha mazungumzo.

Kapime kifua wiki hii. Mengine yatangoja mpaka uwe umeongea na binti, na ukiweza, niandikie alivyojibu juu ya nani aliyempa, kwa sababu nitakachokushauri baada ya hapo kinategemea hilo.

*Mama Mshauri*